Krismasi ni zawadi ya nani kwa nani?

Kila ikifika wiki ya pili ya Desemba, magrupu ya WhatsApp ya familia hupata mgeni yuleyule. Ni ujumbe mrefu, umesambazwa mara nyingi mpaka simu yenyewe inakuonya, na unaanza kwa herufi kubwa: JE, WAJUA YESU HAKUZALIWA TAREHE 25 DESEMBA? Kabla jua halijazama shangazi kajibu kwa mstari wa Biblia, binamu kaweka kikaragosi cha kucheka, na mjomba aliyeokoka mwaka juzi katangaza kwamba nyumbani kwake safari hii hakuna mti, hakuna zawadi wala pilau, maana mambo hayo yote ni ya kipagani. Mti na zawadi watu wanavumilia. Pilau ndiyo inayozua fujo.

Ukiwasoma kwa utulivu utaona kila mmoja anabishania jambo lake. Huyu anazungumzia kalenda, yule imani, na mwingine bei za nguo za watoto Kariakoo. Yote yanaitwa Krismasi, basi yanagongana. Tuyatenge, na zawadi tuitazame kwa kirefu kuliko mengine, kwa sababu ndiyo inayotuingiza kwenye madeni na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Maneno kwanza. Krismasi, ambayo Wakatoliki wengi huiita Noeli, ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Yesu Kristo. Hutanguliwa na Majilio, kipindi chenye Jumapili nne za kujiandaa, ambacho kwa desturi ya zamani kilikuwa cha toba na wala si cha shamrashamra. Tarehe 6 Januari huja Tokeo la Bwana, wengine husema Epifania, siku ya kuwakumbuka mamajusi waliotoka mashariki. Parokia nyingi huihamishia Jumapili ya karibu. Halafu kuna neno moja la wanateolojia ambalo hatuwezi kulikwepa: umwilisho. Maana yake ni kwamba Mungu alitwaa mwili wa binadamu akaishi kama sisi. Ukiliondoa hilo, inabaki likizo tu.

Si bethdei peke yake

Watoto wa shule ya Jumapili hufundishwa kwamba Krismasi ni bethdei ya Yesu. Si uongo, lakini ni nusu ya habari. Wakristo wa karne za mwanzo hawakuwa na mazoea ya kusherehekea siku za kuzaliwa. Origene wa Aleksandria, mwalimu mkubwa wa karne ya 3, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba katika Maandiko wanaosherehekea siku zao za kuzaliwa ni watu kama Farao na Herode. Na kweli, sherehe zote mbili ziliisha kwa mtu kuuawa: ya Farao kwa mkuu wa waokaji kutundikwa, ya Herode kwa Yohana Mbatizaji kukatwa kichwa. Sikukuu kubwa ya Wakristo hao wa mwanzo ilikuwa Pasaka. Hata katika Injili nne, ni Mathayo na Luka tu wanaosimulia kuzaliwa kwa Yesu. Marko anamleta akiwa mtu mzima anayekwenda kubatizwa.

Yohana naye hana hori, hana nyota, hana wachungaji. Anasema jambo lote kwa maneno machache: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Hapo ndipo Wakristo wanaposimama. Mtoto kuzaliwa si ajabu. Wodi ya wazazi ya Temeke haikosi kilio cha kichanga hata usiku mmoja. La kushangaza ni nani aliyezaliwa na namna alivyokuja: yule anayeaminiwa kuumba vyote alikuja bila kudaiwa chochote, kwa watu wasio na cha kumlipa.

Kwa wanaoamini, basi, zawadi ya kwanza ya Krismasi ni mtoto mwenyewe. Mtoaji ni Mungu, wapokeaji ni sisi. Mstari ambao kila mtu anaujua kwa kichwa, Yohana 3:16, ni mstari wa utoaji: Mungu aliupenda ulimwengu "hata akamtoa Mwanawe pekee". Na Mtume Paulo, katika waraka wa pili kwa Wakorintho, anasema Kristo alikuwa tajiri lakini akawa maskini kwa ajili yao. Tazama alipoyaweka maneno hayo. Yamo katikati ya sura ambayo anawachangisha fedha kwa ajili ya ndugu maskini wa Yerusalemu. Fundisho kubwa namna hiyo la umwilisho, kaliweka kwenye barua ya mchango!

Uzito wa jambo hili utauona vizuri ukifikiria daftari la michango ya harusi. Kila kamati ina mweka hazina, na mweka hazina ana daftari. Ukitoa laki, jina lako linaandikwa na laki yako mbele yake. Siku mwanao akioa, familia ile itarudisha laki, na ikirudisha elfu hamsini, mtaongea. Hakuna ubaya, ndivyo tunavyobebana, na wengi wetu tusingefunga ndoa bila daftari hilo. Lakini tukubaliane kwamba hiyo ni akiba iliyowekwa kwa jirani. Habari ya Bethlehemu ni ya mtoaji ambaye hakufungua daftari kabisa. Kanisa linauita utoaji wa namna hiyo neema.

Kuna mahali hapa kwetu ambapo tarehe hiyo imeshikana na jambo hilo kwa namna ambayo siwezi kuipita. Kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar, limejengwa juu ya kiwanja kilichokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba kati ya Sultani Barghash na Waingereza, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Miezi michache nyuma, mahali palepale, binadamu alikuwa anakaguliwa meno na kupangiwa bei.

Tarehe, kwa haraka

Mwenye ule ujumbe wa WhatsApp ana haki katika jambo moja: Biblia haitaji tarehe. Hata mwaka una kichekesho chake. Mmonaki Dionisio Mdogo, aliyetuletea mwaka 525 hesabu ya miaka "baada ya Kristo", aliteleza kidogo. Herode Mkuu, baba wa yule aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji, kwa hesabu ya wanahistoria wengi alikufa mwaka wa 4 kabla ya Kristo, na Mathayo anasema Yesu alizaliwa Herode akiwa hai. Kwa hiyo Kristo alizaliwa miaka kadhaa kabla ya Kristo, na dunia imeendelea kuzunguka bila shida.

Anapokosea ni pale anaposema kwa uhakika kwamba Krismasi ilinakiliwa kutoka sikukuu ya mungu jua. Ushahidi wenyewe ni mwembamba. Kalenda ya Roma iliyoandikwa mwaka 354 ndiyo inayotuonyesha Wakristo wa mji huo wakiadhimisha kuzaliwa kwa Kristo tarehe 25 Desemba, na kalenda hiyohiyo ndiyo hati ya zamani inayotajwa kuonyesha kwamba siku hiyo ilikuwa pia ya Jua Lisiloshindwa. Nani alimfuata nani, hati moja haiwezi kuamua. Saturnalia, ile sikukuu nyingine ya Warumi inayotajwatajwa, ilianza tarehe 17 Desemba na kwa kawaida iliisha tarehe 23.

Kuna maelezo mengine yasiyosambazwa sana kwa sababu hayana msisimko. Wakristo wa kale waliamini Yesu alitungwa mimba siku ileile ya mwaka ambayo baadaye alikufa, na wengi wa upande wa magharibi waliiweka tarehe 25 Machi. Agostino, askofu Mwafrika tutakayemkuta tena mbele, anaitaja imani hiyo waziwazi. Hesabu miezi tisa kutoka hapo. Upande wa mashariki hesabu ilikwenda kivingine, na ndiyo maana Kanisa la Armenia mpaka leo linaadhimisha tarehe 6 Januari. Waethiopia na Wakopti wa Misri, wanaofuata kalenda ya zamani iliyoachana na hii yetu kwa siku 13, husherehekea tarehe 7 Januari. Kama tarehe ndiyo ingekuwa imani, makanisa haya yangekuwa dini tofauti. Na hayako hivyo.

Mamajusi na mizigo yao

Ukiuliza zawadi za Krismasi zilitoka wapi, utaambiwa kwa mamajusi. Jibu ni zuri, ila habari yao tunaijua zaidi kwa maigizo ya kanisani kuliko kwa Mathayo. Huja vijana watatu wamejifunga mapazia ya sebuleni, kichwani taji za karatasi za kung'aa, wanapiga magoti kwenye hori begani kwa wachungaji. Mathayo hasemi walikuwa watatu. Hasemi walikuwa wafalme, wala hataji ngamia. Majina ya Kaspari, Melkiori na Balthazari yalikuja karne nyingi baadaye. Zawadi ndizo zilikuwa tatu, watu wakagawa: kila mmoja na yake. Ufalme ulivutwa kutoka Zaburi ya 72, ngamia kutoka Isaya sura ya 60. Hata ng'ombe na punda Luka hawataji. Tumewapata kwa Isaya 1:3, na Fransisko wa Asizi akawapa umaarufu mwaka 1223 alipoandaa pango la Noeli pale Greccio, Italia, akaweka hori, majani makavu, ng'ombe hai na punda hai.

Mamajusi hawakufika zizini. Mathayo anasema "wakaingia nyumbani", na Herode, kwa kupima muda aliouulizia kwao, aliamuru wauawe watoto wa kiume wa miaka miwili na waliopungua. Inaelekea walifika wakati mtoto ameshaanza kukua.

Luka ana mstari mdogo unaounga mkono hilo, na mimi naupenda kuliko wa dhahabu. Siku arobaini baada ya kujifungua, Mariamu na Yusufu walikwenda hekaluni kutoa sadaka ya utakaso. Torati, katika Walawi sura ya 12, iliagiza mwanakondoo mmoja na ndege mmoja. Mama ambaye uwezo wake haufiki mwanakondoo aliruhusiwa kupeleka ndege wawili, hua au makinda ya njiwa. Luka anasema walipeleka ndege. Yaani walipita mlango wa wasiojiweza, na hakuna kuhani aliyewarudisha. Kama dhahabu ya mashariki ingekuwa imeshaingia ndani, ni vigumu kueleza kwa nini mwanakondoo alikosekana. Kuna wahubiri ambao kila Desemba huishika dhahabu ya mamajusi kuhimiza bahasha nene. Waulizeni na habari za njiwa.

Mizigo yenyewe hapa pwani si migeni. Dhahabu haihitaji maelezo. Uvumba ni utomvu mkavu wa miti inayoota Somalia na Dhofar ya Omani, ndiyo ubani unaouzwa sokoni Darajani kwenye vikapu, vipande vya rangi ya maziwa yaliyochacha. Unawekwa juu ya kaa la moto kwenye chetezo na moshi wake unaganda kwenye nguo mpaka kesho yake. Nyumba ya Kiislamu ya Unguja huufukiza kwenye maulidi, kasisi huufukiza altareni, na wote wawili hukiita chombo chao chetezo. Manemane ni utomvu pia, mwekundu wa kahawia, mchungu ulimini, uliotumika kwa dawa, manukato na kuhifadhi maiti. Nikodemo alikuja nao kwenye maziko ya Yesu. Ndiyo maana Irenei wa Lyon, katika karne ya 2, alizisoma zawadi hizi kama kauli: dhahabu ni kwa mfalme, uvumba ni kwa Mungu, manemane ni kwa mtu atakayekufa. Kumpelekea kichanga kitu cha msibani si mchezo. Hakuna shangazi anayefanya hivyo arobaini.

Sasa jambo tunaloliruka. Hakuna jusi aliyempa jusi mwenzake kitu. Hawakufungua maboksi wakapeana. Zawadi zote zilikwenda upande mmoja, kwa mtoto, na Mathayo anaweka mpangilio: walianguka wakamsujudia kwanza, ndipo wakafungua hazina zao "wakamtolea tunu". Hawakuwa na lolote la kumdai. Waliondoka kwa njia nyingine na hatuwasikii tena.

Basi kupeana kulitoka wapi?

Hapa mjomba wa kwenye grupu ana hoja. Kupeana zawadi mwishoni mwa mwaka ni kukongwe kuliko Krismasi. Warumi walipeana mishumaa na vinyago vidogo wakati wa Saturnalia, na mwaka mpya ulipoingia walipeana zawadi za kutakiana bahati. Wakristo waliishi mitaa hiyohiyo na walizipokea kama tunavyopokea kalenda za bure.

Swali la maana ni Kanisa lilifanya nini na desturi hiyo. Mmoja aliyejibu ni askofu Mwafrika, Agostino wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria. Katika hotuba ya tarehe 1 Januari aliwaambia waumini wake, kwa maana, hivi: wenzenu wanapeana zawadi za bahati, ninyi toeni sadaka kwa maskini. Mkono ubaki umenyooshwa, ila ubadili upande. Ukiniuliza, sijaona maelezo bora zaidi ya zawadi ya Krismasi tangu hapo, na wala hayakutolewa siku ya Krismasi.

Aliyeyatenda kwa namna inayokumbukwa na dunia nzima ni Nikolao, askofu wa Myra katika karne ya 4, mji ambao leo unaitwa Demre, Uturuki. Inasimuliwa kwamba baba mmoja aliyefilisika alikuwa na mabinti watatu. Kule mali ya ndoa ilitoka upande wa binti, kinyume na mahari yetu, kwa hiyo binti asiye na kitu haolewi, na baba alifikia kutaka kuwauza kwenye ukahaba. Nikolao alipita usiku akatupa mfuko wa dhahabu dirishani, akarudia mpaka mabinti wote wakaolewa. Kiini cha kisa ni giza: hakutaka ajulikane. Mpokeaji asipomjua mtoaji, hawezi kumlipa.

Mengine tuyapite mbiombio. Mifupa yake ilipelekwa Bari, Italia, mwaka 1087. Sikukuu yake, tarehe 6 Desemba, ikawa siku ya watoto kupewa zawadi sehemu nyingi za Ulaya. Wakati wa Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, Waprotestanti wa Ujerumani waliusogeza utoaji huo kuelekea Krismasi, wakisema atoaye ni Kristo Mtoto. Waholanzi walibaki na Sinterklaas wao, yaani Mtakatifu Nikolao, Marekani ikamgeuza kuwa Santa Claus: shairi la mwaka 1823 likampa tumbo na kulungu wanane wa kuvuta gari, mchoraji Thomas Nast akampa karakana, na kuanzia mwaka 1931 matangazo ya Coca-Cola yakamsambaza. Wanaosema kampuni hiyo ndiyo iliyombuni au iliyomvika nyekundu wanatia chumvi. Nyekundu alishaivaa kabla. Huyu ndiye Baba Krismasi anayetokwa jasho kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam, na ndevu zake za pamba zimelowa. Wa Myra alijificha usiku, huyu amewekwa mlangoni ili aonekane. Sisemi wamfukuze. Nasema tu si yule.

Mti nao una kesi yake. Kila mwaka hutolewa Yeremia 10, pale mtu anapokata mti mwituni na kuupamba kwa fedha na dhahabu. Soma mistari inayofuata: kitu hicho hakisemi, hakitembei, lazima kibebwe. Nabii anaisema sanamu iliyochongwa na kusujudiwa. Tawi la mvinje lililosimamishwa kwenye ndoo ya mchanga sebuleni halijawahi kusujudiwa na mtu ninayemjua.

Na mjomba asijione mpweke. Wakristo waliopiga marufuku Krismasi walikuwepo zamani. Bunge la Uingereza lililotawaliwa na Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, liliifuta mwaka 1647, na koloni la Massachusetts likaweka faini ya shilingi tano mwaka 1659 kwa atakayekutwa anasherehekea, sheria iliyoondolewa mwaka 1681. Mashahidi wa Yehova mpaka leo hawaisherehekei. Walichochukia Wapuritani, pamoja na mambo mengine, ni ulevi uliokuwa unafanywa kwa jina la Bwana, na ukikaa karibu na baa usiku wa tarehe 24 hutawalaumu sana.

Siku inayofuata Krismasi, tarehe 26, tunaiita Boxing Day, na wengi huamini ni siku ya ngumi, hasa kwa kuwa mapromota wetu hupenda kuandaa mapambano siku hiyo. Jina linahusu maboksi: Uingereza, watumishi wa nyumbani na wapeleka bidhaa walipewa boksi la shukrani baada ya kufanya kazi sikukuu nzima. Katika kalenda ya Kanisa ni siku ya Stefano, shahidi wa kwanza. Matendo sura ya 6 inaeleza kazi aliyochaguliwa kuifanya kabla hajapigwa mawe: kusimamia mgao wa chakula, baada ya waumini Wayahudi wanaosema Kigiriki kulalamika kwamba wajane wao wanarukwa. Wafanyakazi wa ndani wanaopika Krismasi nzima na kuosha sufuria mpaka saa sita usiku wana siku yao, tena yenye jina. Sikumbuki kuiona ikitumika hivyo.

Kwetu

Desemba ikishika kasi, stendi ya Magufuli pale Mbezi haipitiki. Nauli inapanda, mabasi ya ziada yanaongezwa, na watani wanasema Wachaga wanakwenda Kilimanjaro kuhesabiwa. Utani huu una mizizi mirefu kuliko wanavyodhani wanaoutoa. Luka anaanza habari ya Krismasi kwa sensa ya Kaisari Augusto: "Watu wote wakaenda kuandikwa, kila mtu mjini kwao." Familia takatifu ilikuwa safarini kuhesabiwa.

Ndani ya buti za mabasi hayo kuna zawadi za Krismasi ambazo hazitoki kwa mamajusi wala kwa Nikolao. Ni mfuko wa sukari, mchele wa Mbeya, ndoo ya mafuta ya kula, kitenge cha mama, blanketi la babu, raba za watoto wa kaka. Mkono mtupu haulambwi. Wanaotaka kila kitu kiwe na mstari wa Biblia watahangaika hapa. Kwangu hii ni desturi njema ya watu iliyopata siku nzuri ya kufanyikia. Bibi hatailipa sukari ile, ingawa wakati wa kurudi atakulazimisha ubebe mkungu wa ndizi uvimbe magoti njia nzima. Vivyo hivyo sahani za pilau zinazokwenda kwa majirani Waislamu siku hiyo, na zinazorudi zimejaa siku ya Idi. Huo ni ujirani, na ujirani hauhitaji kutetewa.

Halafu kuna nguo za sikukuu. Mtaani, tarehe 25 baada ya ibada, watoto hutoka kuonyeshana: gauni linalopwaya ili livaliwe na mwakani, suruali yenye pindo la kufumuliwa. Asiye na mpya huonekana kwa kutoonekana, anachungulia getini. Fundi cherehani wa mtaa anawajua wote, maana anajua nani alileta kitambaa na nani alikuja kuuliza bei akaondoka. Ukitaka kutoa zawadi ya Nikolao, fundi ndiye dirisha lako. Unalipia gauni moja, yeye anamwambia mama wa mtoto kwamba limeshalipiwa, na hamtaji mtu.

Pamoja na hayo, lazima lisemwe bila kuzunguka: hakuna amri ya kutoa zawadi siku ya Krismasi. Si sakramenti, si zaka, si nadhiri. Hakuna mstari unaomtaka baba wa watoto wanne kuchukua mkopo wa kausha damu tarehe 20 Desemba ili watoto wasione aibu, halafu Januari, ambayo Wakenya wameibatiza Njaanuari, ada na sare za shule zimkute amekaushwa kweli. Aliyeadhimisha kwa ugali na maharage, akaenda ibada ya mkesha, akasamehe mtu, hajapungukiwa chochote katika imani. Wale wa hekaluni walipeleka njiwa.

Anayeweza kutoa, na anayetaka zawadi yake iwe ya Kikristo kwa maana kamili, ana maelekezo kwa Yesu mwenyewe, japo hayasomwi sana Desemba. Katika Luka 14 anamwambia mwenyeji wake Farisayo: ukifanya karamu, usiwaite rafiki zako, jamaa zako wala jirani matajiri, wasije wakakualika wewe nawe ukapata malipo. Waite maskini, vilema, viwete, vipofu, ambao hawana cha kukulipa. Daftari limefungwa tena. Na lile tatizo la mamajusi, kwamba mwenye bethdei hayupo tena horini tumpelekee zawadi, lina jibu katika Mathayo 25: mlivyomtendea mmojawapo wa hao wadogo, mlinitendea mimi. Wagonjwa, wageni, wafungwa, wenye njaa. Anwani ya kupelekea mzigo imetolewa, tatizo letu ni kwamba tunaupeleka kwa watu ambao tayari wametuandalia wa kwao.

Kanisa Katoliki lina mfano wa kitoto, kwa maana nzuri ya neno. Shirika la Utoto Mtakatifu, wale watoto wanaocheza mbele ya altare na skafu shingoni, lilianzishwa na askofu Mfaransa Charles de Forbin-Janson mwaka 1843 kwa wazo rahisi: watoto wawasaidie watoto. Siku yao kubwa ni Tokeo la Bwana, siku ya mamajusi, ambapo hutoa sadaka zao kwa ajili ya watoto wasiowajua, wengine wa mabara mengine. Mtoto wa Mbagala mwenye mia mbili mkononi anatoa kwa mtoto ambaye hatamwona kamwe.

Sikukuu yenyewe, tukizungumza kikalenda, haiishi tarehe 25 jioni. Kutoka hapo hadi Tokeo la Bwana ni siku kumi na mbili, na watoto wa Hispania na Mexico hupokea zawadi zao mwishoni mwa siku hizo, mamajusi wanapokuwa wamefika. Kwa hiyo ambaye mshahara umechelewa, au mzigo wa bibi haukupata nafasi kwenye buti, hajachelewa kitu. Mwanzoni mwa Januari wengi wanarudi mjini. Mabasi ya kwenda bara yana viti vitupu, na kondakta hakatai kupokea kifurushi kimoja.